Kirikuu ya kwanza: jinsi ya kuitengeneza iwe kali na bado itembee kila siku

Maswali ni yaleyale kila wiki: nimepata kirikuu iliyotumika nianzie wapi, rimu saizi gani zinaingia, nikiishusha bado itabeba mzigo, rangi naweza kupiga mwenyewe au lazima nipeleke kwa fundi. Nimeona niandike yote sehemu moja kwa ajili ya mtu ambaye ndo anaanza, hela yake ya mawazo, anataka gari yenye muonekano lakini asubuhi bado iwake na impeleke anakokwenda.

Nikisema kirikuu namaanisha vigari vidogo vya mzigo vya Kijapani: Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, Honda Acty, Subaru Sambar, Mitsubishi Minicab na ndugu zao. Kwa sheria za Japani injini zake hazizidi sisi (cc) 660 tangu 1990, toka Oktoba 1998 urefu mwisho mita 3.40 na upana 1.48, mzigo kilo 350. Hizo namba zishike kichwani, maana kila utakachofanya kinagongana nazo. Injini ni ndogo, kwa hiyo kila kilo unayoongeza utaisikia kwenye mlima wa kwanza.

Jambo moja naomba ulishike kabla hujanunua hata stika: hela ya kwanza inaenda chini ya gari, ya mwisho inaenda juu. Breki, tairi, bushi, springi, halafu rangi, halafu ndani, mziki na taa mwisho kabisa. Vijana wengi wanaanza na rimu na spika, baada ya miezi gari imekaa juu ya mawe kwa sababu taiming belti imekatika na hela imeisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jeki nzuri na stendi mbili, ukipata nne ni bora zaidi. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama unaokota nati tu.
- Seti ya spana na soketi kuanzia 8 hadi 19, wili spana, bisibisi za bapa na za nyota, koleo.
- Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kama huna azima, kwenye nati za tairi na yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye eksoli) inahitajika kweli.
- Brashi ya waya, msasa wa namba tofauti (80, 180, 320, 600), tepu ya kufunikia, magazeti ya zamani.
- Multimita ya kawaida kwa kazi za umeme.
- Futi ya kupimia, kalamu na daftari. Daftari usilidharau, kila kipimo na kila bolti uliyofungua andika.
- Glovu, miwani ya kukinga macho, maski.
- Sehemu ya sakafu ngumu na iliyo sawa. Kwenye mchanga au tope stendi inazama.

Halafu uliza mapema sheria za barabarani za unakoishi zinasemaje kuhusu kubadili rangi, kimo cha gari na taa. Sehemu nyingi rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukibadilisha lazima kadi nayo ibadilishwe.

Hatua ya 1: Nunua chesisi, usinunue rangi

Rangi iliyopauka, siti iliyochanika, bampa iliyopinda, hivyo visikutishe hata kidogo, vyote unavitoa. Kinachoua mradi ni kutu ya chesisi. Nenda mchana, beba tochi na bisibisi kubwa ya bapa, lala chini kabisa. Angalia chesisi pale inapopanda kupita juu ya eksoli ya nyuma, angalia sehemu majani ya springi yanaposhikwa mbele na nyuma, chini ya betri, sakafu ya dereva chini ya mkeka, na pale bodi ya mzigo inapokalia chesisi maana matope hujificha hapo miaka na miaka. Gonga kwa mpini wa bisibisi huku unasikiliza. Chuma kizima kinalia mlio mkavu, wa juu. Kilicholiwa kinalia kizito, kama kimefunikwa. Ukisikia huo mlio mzito geuza bisibisi usukume kwa ncha, ikizama achana na hiyo gari bila kujali bei wanayokutajia. Kutu ya juujuu inayotoka kwa brashi ya waya ni kawaida tu.

Na ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi nene mpyampya wakati gari yenyewe ni ya zamani, hapo ongeza umakini, gonga kila sehemu.

Injini: Carry na Hijet iko chini ya siti, Acty iko chini ya bodi mbele ya eksoli ya nyuma, Sambar zile zilizotengenezwa na Subaru wenyewe hadi 2012 iko nyuma kabisa. Jua mapema, maana ndo itakuamulia spika zitakaa wapi na ekzosi itapita wapi. Omba iwashwe ikiwa ya baridi, ukifika ukaikuta ina joto muulize muuzaji kwanini. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito ambao hauishi hata injini ikishapata moto, mara nyingi ni maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi ni mafuta yanazidi, huo kwa kawaida unatibika kirahisi zaidi. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta uji wa rangi ya maziwa jihadhari na gasketi ya silinda hedi.

Mwisho linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi. Zisipofanana tarakimu kwa tarakimu ondoka.

Hatua ya 2: Chagua njia moja

Kuna njia tatu: kuishusha ikae chini karibu na barabara, kuinyanyua ivae tairi za meno makubwa, au kuiacha kimo chake ukaisafisha tu na kuipendezesha. Chagua moja. Mtu anaenunua springi za kushusha mwezi huu, mwezi ujao ameona picha ya iliyonyanyuliwa akabadili mawazo, huyo ananunua gari mara mbili.

Kama gari bado inabeba mzigo wa kukuingizia hela, mimi nakushauri njia ya tatu au kushusha kidogo sana, basi. Inayoshushwa sana na mzigo haviendani, hilo halina ujanja.

Baada ya hapo gawa bajeti. Nusu weka kwa ufundi wa chini na injini, robo kwa rimu na tairi, robo iliyobaki ndo rangi, ndani na taa. Ukiona inauma ujue umeigawa sawasawa.

Hatua ya 3: Iponye kwanza

Gari iliyotumika na usiyojua historia yake ichukulie kwamba haijafanyiwa kitu. Badili oili na filta, plagi, filta ya hewa, kulanti, oili ya giaboksi na ya difu. Kama injini inatumia taiming belti, mfano F6A ya Suzuki, badili belti na bearing yake hata kama muuzaji anaapa ilibadilishwa juzi. K6A ya Suzuki na KF ya Daihatsu zinatumia cheni, hapo sikiliza tu kama inapiga kelele ikiwa ya baridi.

Breki fungua zote nne. Angalia pedi, viatu vya nyuma, silinda ndogo za ndani ya drami kama zinavuja, na mipira ya breki kama ina nyufa. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata kama yanaonekana yamejaa, yatoe weka mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo. Halafu shika tairi ya mbele juu na chini uitikise, kisha kushoto na kulia. Ikicheza juu na chini mtuhumu bearing au boljointi, ikicheza kushoto na kulia angalia tairodi endi.

Usisonge mbele mpaka hatua hii imeisha. Najua haina picha nzuri ya kupost.

Hatua ya 4: Rimu na tairi, pima kabla ya kununua

Hapa ndo hela nyingi zinapotea, tuende polepole.

1. Pima PCD, yaani upana wa duara linalopita katikati ya stadi (zile bolti ambazo nati za tairi zinafungwa). Kirikuu ina stadi nne, kwa hiyo ni rahisi: chukua stadi mbili zinazotazamana, weka futi kwenye ukingo wa nje wa moja, soma hadi ukingo wa ndani wa ile ya pili. Hapo umepata katikati kwa katikati bila kukisia. Nyingi zinatoa milimita 100, lakini matoleo ya zamani yanatofautiana, kwa hiyo pima ya kwako, usipime ya rafiki.
2. Soma ET ya rimu uliyonayo sasa, mara nyingi imegongwa kwa nyuma. Hiyo inaonesha rimu inaingia ndani au inatoka nje kiasi gani. ET ikipungua, rimu inatoka nje. Ukitoka nje sana tairi inakula madigadi na bearing zinachoka mapema.
3. Pima tundu la katikati. Likiwa kubwa kuliko habu (kitovu ambacho rimu inakalia) tumia ringi za kujazia nafasi, la sivyo usukani utatetemeka.
4. Angalia nati. Suzuki na Subaru wanatumia uzi wa 12 kwa 1.25, Daihatsu na Honda 12 kwa 1.5. Zinakaribiana kiasi kwamba nati isiyo yake itaingia nyuzi mbili tatu kisha ikae ngumu, na mtu akilazimisha kwa wili spana stadi imekwisha. Pia umbo la kukalia: rimu nyingi za spoti zinataka nati ya koni, wakati nati nyingi za Honda za kiwandani zina kichwa cha duara. Usichanganye.
5. Chagua tairi kwa kipenyo cha nje. Hesabu yake: upana wa tairi zidisha kwa asilimia yake, zidisha mara mbili, jumlisha kipenyo cha rimu kwa milimita (inchi moja ni 25.4). Tairi ya 145/80R12 inatoa karibu milimita 537. Sasa piga hesabu ya 165/55R14, nayo inatoa 537. Maana yake unavaa rimu ya inchi 14 na spidi mita haidanganyi na gia hazibadiliki uzito. Ndo maana saizi hii inapendwa.
6. Soma namba ya uzito kwenye tairi. Tairi ya mzigo ya kirikuu huwa imeandikwa 80/78, hiyo 80 ni kilo 450 kwa tairi. 165/55R14 nyingi ni 72, yaani kilo 355. Ubavu wake ni mfupi, ni nzuri machoni, lakini uwezo umeshuka, kwa hiyo na wewe shusha mzigo.

Spesa (vipande vya kuisogeza rimu nje) za bei ya chini zile nyembamba zinazokaa huru kwenye stadi sizipendi, zinapunguza nyuzi ambazo nati inashika. Nati ikibaki na mizunguko chini ya sita hivi usitoke nayo barabarani.

Kaza kwa mtindo wa msalaba, nati hii halafu ya kutazamana nayo, gari ikiwa imegusa chini kidogo. Magari haya mengi yanataka kati ya Nm 80 na 110 kwenye spana ya toki, ya kwako imeandikwa kwenye kitabu chake. Baada ya kama kilomita 50 kaza tena.

Hatua ya 5: Kuishusha

Mwanzo shusha inchi moja na nusu, mwisho mbili. Zaidi ya hapo unaanza kukata vitu na hiyo sio kazi ya mtu wa kwanza.

*Nyuma.* Kirikuu nyingi nyuma zina majani ya springi. Lala chini uangalie kitu kimoja: majani yamepita chini ya eksoli au juu yake? Yakiwa chini ya eksoli, ukiweka bloku ya chuma kati ya eksoli na springi, gari inashuka. Yakiwa juu ya eksoli, bloku ileile itainyanyua. Watu wananunua bloku bila kuangalia halafu wanashangaa gari imepanda. Kama ni Sambar hizo za Subaru, nyuma kila tairi ina mkono wake na springi ya kuzunguka, habari za bloku haziihusu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Zuia tairi za mbele zisibingirike, nyanyua nyuma kwa chesisi, weka stendi chini ya chesisi. Jeki iache ishike eksoli kidogo tu.
2. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati za yubolti tangu usiku wa jana yake, utanishukuru.
3. Fungua shokapu chini, halafu yubolti za upande mmoja. Upande mmoja kwa wakati, usifungue zote ukaacha eksoli inaelea.
4. Cheza na jeki hadi upate nafasi, ingiza bloku. Ile pini ya katikati ya springi lazima iingie kwenye tundu la bloku, na pini ya bloku iingie kwenye kiti cha eksoli. Hii pini ndo inazuia eksoli isitembee mbele na nyuma, ikikaa pembeni hata milimita chache gari itakwenda kiupandeupande.
5. Funga kwa yubolti mpya ndefu. Za zamani zimeshavutika, usizirudishe. Kaza kidogokidogo kwa msalaba ili bloku ikae sawa.
6. Tazama mpira wa breki unaotoka chesisi kwenda eksoli, usiwe umebanwa wala umevutwa. Kama gari yako ina ile valvu ya breki yenye mkono unaoshikana na eksoli kwa ajili ya kupima mzigo, lazima irekebishwe, maana ukibadili kimo tu yenyewe inasoma kama umepakia, au kinyume chake.

Bloku ziwe za chuma au alumini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usitumie mbao, usichomelee vipande vya bomba, na bloku mbili usizipandanishe.

*Mbele.* Mbele kuna shokapu imevaa springi ya kuzunguka. Kuna springi fupi za kununua na kuna seti zinazojirekebisha kimo. Seti ndo nzuri kama hela inaruhusu, springi fupi ndo chaguo la kawaida. Kitu ambacho nakuomba usifanye ni kuchoma springi kwa moto ili ilale. Chuma kikishapata joto lile ugumu wake umeondoka, leo imelala inchi mbili, mwezi ujao nne, halafu inakatika ukiwa kwenye kona.

Kuondoa springi kwenye shokapu unahitaji vibanio vya springi, viwili, vinavyotazamana, unakaza huku na huku kwa zamu. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono. Kama huna vibanio vya uhakika, toa shokapu nzima upeleke kwa fundi abadilishe, hiyo kazi ni ya muda mfupi na haina aibu yoyote.

Ukimaliza mbele na nyuma isukume gari mbele na nyuma mara kadhaa ikae, pima kimo kona zote nne kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, andika. Halafu nenda kafanye alaimenti. Sio hiari: gari ikishuka mbele mwelekeo wa tairi unabadilika wenyewe, tairi mpya zinaliwa upande wa ndani ndani ya wiki chache. Taa kubwa nazo zipangwe upya.

Hatua ya 6: Bati na rangi

Uzuri wa kirikuu ni kwamba bati zake ni ndogo na zimenyooka. Kuta za pembeni na ya nyuma za bodi zinafunguka pande tatu na zinatoka zote kwa bolti, kwa hiyo unaweza kuzipiga rangi zikiwa zimelala, ambapo rangi haitiririki. Anza na hizo. Ukishapata mkono ndo uhamie kabini.

1. Osha kwa sabuni, kausha, futa na kisafisha mafuta. Kama hujafuta mafuta kila kitu kinachofuata ni bure.
2. Kutu iondoe hadi chuma cheupe. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuificha tu, itatokea ikiwa kubwa zaidi.
3. Mashimo yachomelewe bati, yasizibwe kwa puti. Puti ni ya mabonde madogo, milimita tatu hivi mwisho. Gari yenye puti nene ukigonga kidogo tu inabanduka kipande kizima.
4. Sugua kwa 80 kwenye puti, 180, halafu 320. Zungushia msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, ukisugua kwa vidole unachonga mitaro ambayo utaiona siku rangi imekauka na jua limepiga.
5. Praima mikono miwili (tabaka mbili). Ikikauka sugua kwa 600 na maji, osha, kausha.
6. Rangi mikono mitatu myepesi, dakika kumi hadi kumi na tano kati ya mmoja na mwingine kutegemea kopo linasemaje. Umbali kama sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza kabla hujafika kwenye bati na uachie baada ya kulipita, kila mpigo ufunike nusu ya uliopita.
7. Kliya (ile ya kung'arisha isiyo na rangi) mikono miwili au mitatu.

Onyo la kweli hapa: kliya na rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kuigumisha) zina kemikali inayoharibu mapafu, na maski ya vumbi haiizuii. Hizo zinataka vifaa kamili vya kupumulia. Kama huna, tumia rangi za kopo za kawaida sehemu yenye hewa, au maandalizi yote fanya wewe halafu kupuliza tu mpe fundi. Maandalizi ndo gharama kubwa ya kazi ya rangi, utakuwa umeokoa sana.

Kuhusu rangi ipi, ni yako. Ila rangi moja nzito iliyopigwa vizuri, bampa na shoo (sura ya mbele yenye matundu ya hewa) zikafanana nayo au zikawa nyeusi, inaipendeza kirikuu kuliko rangi tatu na stika kumi. Bodi ndani ipige mipako migumu ya kuzuia mikwaruzo kama bado unapakia vitu.

Hatua ya 7: Ndani

Kabini ni ndogo, kwa hiyo hela kidogo inaonekana. Toa siti, toa mkeka, safisha sakafu, paka dawa ya kutu, weka tabaka la kuzuia sauti na joto, rudisha. Siti zishonewe upya badala ya kununua za spoti, maana siti nyingi za spoti ni pana na zikikaa juu kidogo tu kichwa kinagonga dari.

Kama injini iko chini ya siti usizibe kile kifuniko kwa kapeti ya gundi, utakihitaji kila servisi. Na usiweke sponji ya kawaida karibu nacho, weka ile ya kuzuia joto yenye karatasi ya fedha. Mikanda ya usalama isiguswe, boliti zake zirudi palepale.

Hatua ya 8: Taa na mziki

Kanuni ya umeme iko moja tu, watts gawa kwa 12 unapata ampea. Taa ya wati 120 inakula ampea 10, weka waya wa kuibeba, fyuzi ya 15, na rilei ili swichi isibebe moto wote. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Ikikaa mbali, ule waya wa kutoka betri hadi kwenye fyuzi hauna ulinzi, ukichubuka ukagusa bati unawaka. Kila waya unapopita kwenye tundu la bati uvishe mpira.

Alteneta za hivi vigari ni ndogo, soma ampea zilizoandikwa kwenye yako kabla hujaongeza amplifaya. Taa za rangi usielekeze mbele, na bluu au nyekundu za kumweka achana nazo, utasimamishwa kila mahali.

Hatua ya 9: Majaribio

Toka bila mzigo, mwendo mdogo, redio imezimwa. Funga breki mara kadhaa sehemu salama, kata kona pande zote mbili hadi mwisho, pita tuta taratibu, sikiliza. Rudi, angalia madigadi ndani kama kuna alama za tairi, shika rimu moja moja (kwa tahadhari) ujue kama kuna inayochemka kuliko nyingine, hiyo breki yake inabana. Kesho yake pakia nusu ya mzigo wako wa kawaida urudie. Yenye 4x4 ya kuunganisha kwa mkono, usiiunganishe kwenye lami kavu, giaboksi inajikaza na inaweza kuvunjika.

Ukipata shida

*Usukani unatetemeka kuanzia 70 au 80.* Anza na balansi ya tairi, halafu ringi za katikati, halafu hakikisha nati zimekaa kwenye koni yake. Ikitetemeka ukishika breki tu, ni diski.

*Gari inavuta upande.* Badilishana tairi za mbele kushoto na kulia. Ikihamia upande wa pili ni tairi, ikibaki palepale ni alaimenti, breki inayobana, au pini ya bloku haikuingia. Pima umbali kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma pande zote mbili, ukitofautiana kuliko ulivyokuwa kabla rudi kwenye bloku.

*Nyuma inagonga kwenye kila shimo.* Shokapu ni ndefu kwa kimo kipya, au eksoli inafika kwenye mpira wa kuzuia. Tafuta shokapu fupi. Mpira wa kuzuia unaweza kupunguzwa kidogo ila usitolewe.

*Tairi inagusa ukikata kona.* Kwanza angalia kama ni plastiki ya ndani tu, hiyo inachongwa. Kama ni bati, ET yako ni ndogo mno au umeshusha mno.

*Rangi ina vimacho vidogo kama matone.* Mafuta au silikoni kwenye bati. Usiendelee kupuliza juu yake, subiri ikauke, sugua, futa upya.

*Betri inaisha usiku.* Zima kila kitu, weka multimita ya ampea kwa mfululizo kwenye waya wa hasi, toa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiitoa namba inashuka, hiyo ndo njia yenye mwizi. Ukianza na nyaya ulizoongeza wewe utamkuta haraka.

*Inachemka baada ya kubadili muonekano wa mbele.* Hewa. Shoo iliyozibwa, taa kubwa iliyowekwa mbele ya rejeta, au bampa isiyo na tundu. Fungua njia ya hewa kwanza. Kama bado inachemka huenda ulipobadili kulanti hewa ilibaki ndani: bomba za kirikuu ni ndefu, zinapita chini ya kabini, kwa hiyo injini ikiwa ya baridi inua mbele ya gari, fungua skrubu ya kutolea hewa kama yako inayo, washa hita ya kabini, jaza polepole hadi mapovu yaishe.